Adiponektini ni nini? Homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe

Mjomba wangu mmoja ni mwembamba kama ufito, kila mkanda anaonunua lazima autoboe tundu la ziada, na mwaka juzi kapima akaambiwa ana sukari. Ukoo mzima tukabaki midomo wazi, maana shangazi ana kilo zake za kutosha, nyingi zimekaa mapajani na kwenye makalio, na kila akipima yuko fresh. Mimi nilijua mafuta ni mafuta tu, ukiwa nayo mengi unaumwa, ukiwa nayo machache uko salama. Kumbe hapana, na neno lililonifungua macho ndo hili, adiponektini.

Ni homoni, yaani protini inayotengenezwa na seli za mafuta na kuachiwa kwenye damu. Ndiyo, seli za mafuta zinatoa homoni, na zamani hilo hata wataalamu wengi hawakulifikiria, walichukulia mafuta kama gunia la akiba limeegeshwa stoo. Seli ya mafuta ukiitazama kwenye hadubini unaweza kuwasamehe, maana karibu yote ni tone moja kubwa la mafuta na kiini chake kimebanwa pembeni kama kito kwenye pete. Leptini, homoni nyingine ya seli za mafuta, hii inayouambia ubongo umeshiba, ilipogunduliwa mwaka 1994 watu wakashtuka, halafu 1995 Philipp Scherer, mwanasayansi wa kutoka Uswisi aliyekuwa kwenye maabara ya Harvey Lodish kule Massachusetts, Marekani, akaandika kuhusu protini aliyoikuta inatoka kwenye seli za mafuta tu. Yeye aliiita Acrp30, jina kama namba ya gari, hili la adiponektini lilikuja baadaye kutoka Osaka, Japani, ndo likashika.

Kazi yake kubwa ni kuisaidia insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Ikifika kwenye ini inaliambia lipunguze kumwaga sukari kwenye damu, na inasaidia mafuta yachomwe badala ya kurundikana huko. Na iko nyingi kwenye damu, kama asilimia 0.01 ya protini zote za kwenye plazima, yaani yale majimaji ya damu, ambayo kwa homoni ni nyingi mno. Sasa kituko ni hiki: kwa kawaida mtu akizidi kunenepa, hasa kitambi, adiponektini inashuka. Ungetegemea kiwanda kikipanuka bidhaa iongezeke, lakini seli zikishajaa pomoni zinazidiwa, zinavimba, kinga ya mwili inaanza kuzivamia, na uzalishaji unadorora.

Hapo ndo nnapopenda jaribio ambalo timu ya Scherer ilitoa mwaka 2007. Walichukua panya wa maabara wasio na leptini, hawa hawashibi, wanakula tu mpaka wanakuwa kama mpira na sukari inawapanda, wakawaongezea vinasaba vya kutoa adiponektini zaidi. Wale panya wakanenepa KULIKO wenzao, wakawa mabonge ya ajabu, lakini sukari yao ikarudi kawaida na ini halikuwa na mafuta mengi! Mafuta yalikuwa yamepata pa kukaa, chini ya ngozi, kwenye seli nyingi ndogondogo zenye afya, kwa hiyo hayakulazimika kumwagikia kwenye ini na misuli.

Na upande wa pili upo pia. Kuna watu wanazaliwa karibu hawana kabisa seli za mafuta, hali inaitwa lipodistrofi, ukiwaona misuli imejichora utadhani ni wanariadha, lakini wanapata kisukari kikali na ini lao limejaa mafuta, kwa sababu chakula cha ziada hakina ghala la kukipokea. Mjomba hana lipodistrofi, hajafika huko, ila naona picha ni ileile kwa kiasi kidogo: ghala lake ni dogo, na ukimwangalia vizuri hicho kidogo alichonacho kiko tumboni.

Msije mkanielewa vibaya mkasema nimeruhusu watu wanenepe, wale panya walitengenezwa maabara, na binadamu wengi wakiongezeka kilo ghala linajaa kabla hawajajua.

Mtu atauliza kwa nini basi tusichomwe sindano ya adiponektini yakaisha. Dawa hiyo haipo sokoni, protini yenyewe inajikunja kwa vifurushi vya ukubwa tofauti tofauti na kuitengeneza sawasawa ni shughuli. Ila kuna kidonge cha sukari cha siku nyingi, pioglitazoni, ambacho kinaipandisha kwa kuamsha seli mpya za mafuta, na mgonjwa anaweza kuongezeka kilo huku sukari inashuka. Wengine kinawavimbisha miguu na mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi hapewi, kwa hiyo msikimbilie duka la dawa. Shangazi alivyosikia kuna kidonge kinanenepesha na kushusha sukari kwa pamoja alicheka mpaka akakaa chini.