Ondoa kichekesho, uone kinachobaki: Gérard Oury na kazi yake

Mimi ni mhariri wa filamu, na jioni mbili kwa wiki nafundisha vijana wanaotaka kutengeneza vichekesho. Siku ya kwanza hakuna kucheka. Namwambia kila mmoja asimame asimulie hadithi yake bila kichekesho hata kimoja. Wengi wanakwama papo hapo, maana hadithi hawana. Wanachonacho ni mtu mwenye suruali pana anayeanguka kwenye dimbwi.

Hapo ndipo ninapomtoa mfukoni Gérard Oury, mwongozaji wa vichekesho wa Kifaransa.

Chukua filamu yake Le Corniaud ya 1965, jina ambalo kwetu tungesema "Bwege". Muuza duka mpole wa Paris anagongwa gari siku ya kwanza ya likizo yake. Tajiri aliyemgonga anajifanya muungwana na kumpa safari ya bure: aende Italia, akachukue Cadillac na kuiendesha hadi Bordeaux. Gari hilo limesheheni heroini, dhahabu na vito vya wizi. Majambazi wanamfuata nyuma, yeye anafurahia mandhari. Sasa futa vichekesho vyote. Inabaki filamu ya mihadarati ambayo ungeitazama umekaa ukingoni mwa kiti. Na chanzo chake ni kisa cha kweli: mtangazaji wa televisheni wa Kifaransa, Jacques Angelvin, alikamatwa New York mwaka 1962 kwa ajili ya gari lililofichwa heroini.

Oury hakuanza kwenye vichekesho. Alizaliwa Paris tarehe 29 Aprili 1919, baba mpiga fidla, mama mwandishi wa habari, akasomea uigizaji, akaingia Comédie-Française, jumba la maigizo linaloheshimiwa kuliko yote kwao. Vita vikaja, na sheria dhidi ya Wayahudi. Jina la baba yake lilikuwa Tannenbaum. Kijana akakimbilia Uswisi, akawa anaigiza huko hadi vita vilipokwisha. Aliporudi alipata nafasi za pembeni tu. Kwenye filamu moja ya Kiingereza alivishwa hata kofia ya Napoleon. Mwaka 1960 akaanza kuongoza, na filamu zake tatu za mwanzo hazikumpa jina kwenye vichekesho. Katika ile ya tatu alikuwepo mwigizaji mfupi mwenye sehemu ndogo, Louis de Funès, ambaye inasemekana alimwambia aache kujidanganya, yeye ni mtu wa vichekesho. Oury alimsikiliza. Angekuwa na kiburi kidogo zaidi leo nisingekuwa na somo.

Turudi kwenye ajali ile ya Le Corniaud, jijini Paris. Mwigizaji Bourvil, ndiye bwege wetu, anaendesha Citroën 2CV, kigari chepesi kama kopo la biskuti. Bentley ya de Funès, ndiye yule tajiri, inalipiga, na gari zima linasambaratika vipande vipande, Bourvil amebaki ameshika usukani. Mafundi walikuwa wamelifungua gari na kulishikiza tena kwa bolti zilizotegwa vilipuzi vidogo. Lakini anayevunja mbavu ni Bourvil. Hapigi kelele wala hatukani. Anatazama chuma zilizotapakaa na kusema, kwa sauti ya mtu anayetafakari, kwamba sasa litatembea vibaya zaidi, hapana budi. Fedha zote za mafundi zilitumika kumwandalia yule bwana sentensi moja.

Mwaka uliofuata akatoa La Grande Vadrouille, na hapa namba zinazungumza. Le Corniaud ilikuwa imeuza tiketi zaidi ya milioni 11. Hii iliuza zaidi ya milioni 17, katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa na watu wasiofika milioni 50. Hakuna filamu ya Kifaransa iliyoivuka nyumbani kwao hadi 2008, ilipokuja ile ya mwongozaji Dany Boon. Hadithi yenyewe? Mwaka 1942, marubani Waingereza wanaruka kwa miamvuli juu ya Paris iliyokaliwa na Wajerumani. Fundi wa kupaka rangi nyumba, Bourvil, na kiongozi wa okestra ya Opera, de Funès, wanajikuta wanalazimika kuwaficha na kukimbia nao. Kumbuka aliyeiongoza ni mtu aliyekimbia kweli.

Siku moja niliionyesha darasani spika ikiwa imekufa. Nilitaka kuahirisha, wanafunzi wakasema acha iende. Ilipofika sini ya viatu, hakuna aliyehitaji Kifaransa. De Funès, msomi na mkubwa wa watu, viatu vyake vya kifahari vinamuumiza. Anamzungusha Bourvil maneno mpaka anavaa vya mwenzake, na Bourvil anabaki anachechemea kwenye vile vya kifahari. Baadaye anamfanyia vilevile kwenye baiskeli. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, huyu ni bosi wangu kabisa." Ndiyo maana filamu ilisafiri. Bosi anayekamua na mnyonge anayekubali kwa upole wapo kila mtaa.

Halafu kuna lile tukio la ukutani. De Funès alipaswa kushuka kwenye ukuta, akatua mabegani mwa Bourvil. Hakushuka. Bourvil naye akaanza kutembea amembeba, na de Funès akajipa raha huko juu kama mtu aliyepanda punda wake. Halikuwa kwenye muswada. Mwongozaji mwoga angesema "kata!" Oury aliliacha, na likawa bango la filamu. Mimi ninayekaa na mkasi nasema kazi ya mwongozaji ni kujua wakati wa kunyamaza pia.

Bourvil alifariki Septemba 1970, kabla ya La Folie des grandeurs ambayo sehemu ya mtumishi ilikuwa yake. Ikampata mwigizaji Yves Montand, na Oury hakumlazimisha kuwa Bourvil wa pili. Aliigeuza sehemu yenyewe, mtumishi mpole akawa mtumishi mjanja. Sini ninayoipenda ni ya asubuhi: bwana mwenye choyo, de Funès, anaamshwa kwa mlio wa sarafu za dhahabu, kwa mzaha wa maneno ya Kifaransa, maana "saa" na "dhahabu" kwao yanakaribiana kimatamshi. Bado amefumba macho, bwana anasema kuna moja imepungua. Imepungua kweli, mtumishi kaificha.

Mwaka 1973 ikaja Les Aventures de Rabbi Jacob, na kwangu hii ndiyo kilele. Mwenye kiwanda mbaguzi, anayewadharau Wayahudi na Waarabu, anasakamwa na wauaji hadi anajificha ndani ya joho la rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, akiwa na mwanamapinduzi Mwarabu ubavuni. Oury aliiandika pamoja na binti yake Danièle Thompson, na rabi halisi, Josy Eisenberg, akishirikiana nao. Ilitoka tarehe 18 Oktoba, vita vya Waarabu na Israeli vikiwa vimepamba moto. Siku hiyohiyo mke wa mtangazaji wa filamu hiyo aliteka ndege akitaka izuiwe, na polisi wakamuua kwenye uwanja wa ndege wa Marignane. Watu waliendelea kwenda kuitazama, zaidi ya milioni saba.

Baada ya hapo mteremko ulianza, ingawa si wa ghafla. Moyo wa de Funès ulishtuka 1975, na mpango wa filamu waliyokuwa wanaiandaa juu ya dikteta ukafa. L'As des as ya 1982, mwigizaji Belmondo akimwokoa mtoto Myahudi kwenye Olimpiki ya Berlin, ilijaza kumbi kiasi kwamba kundi la wahakiki liliandika waraka wa kuilalamikia kwa kuifunika filamu ya mwongozaji mwingine, Jacques Demy. Ya mwisho mwisho sizionyeshi darasani. Vichekesho vipo, lakini ukiviondoa hakibaki kitu. Oury alifariki Julai 2006.

Muhula uliopita kijana mmoja mkimya alisimama zamu yake ilipofika. Akasimulia: ndugu wawili hawana fedha ya kusafirisha maiti ya baba yao kwenda kijijini, wanamvalisha koti na kofia, wanamkalisha dirishani kwenye basi la alfajiri kama abiria. Akakaa. Darasa kimya, mmoja alikuwa anafuta macho. Mara sauti ikatoka nyuma kabisa:

"Na konda akimpa shikamoo, nani ataitikia marahaba?"