Muziki wa Mozart Hauongezi Akili ya Mtoto

Wazazi wengi bado huambiwa kwamba mtoto mchanga akisikilizishwa muziki wa Mozart, mtunzi maarufu wa muziki wa kitambo wa Ulaya, atakuwa na akili zaidi, na dai hilo huegemezwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la kisayansi la Nature. Utafiti huo haukumhusisha mtoto hata mmoja. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko California walisikiliza sonata ya piano ya Mozart (utunzi wa ala usio na maneno) kwa dakika 10, kisha wakapewa majaribio kama vile kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakuwa na umbo gani ikikunjuliwa. Walifanya vizuri zaidi kidogo, lakini faida hiyo ilitoweka baada ya takriban dakika 15. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kinachosaidia ni uchangamfu wa msikilizaji, kwani hata hadithi anayoipenda huweza kuleta matokeo yaleyale.