Rais wa chama cha fasihi simulizi mnampigia kura, mhariri je?

Kila ukifika msimu wa uchaguzi kwenye vyama vya wataalamu wa fasihi simulizi, maswali yanayotufikia huku idarani ni yaleyale: nani anagombea urais, anatoka chuo gani, ni mtu wa ngano au mtu wa matambiko. Sawa, ulizeni tu, ila mi naona watu wanakodolea macho kiti kimoja alafu viti vyenye kazi yenyewe vinapita kimyakimya.

Tuanze na hicho kiti kikubwa. Kule Marekani kwenye American Folklore Society mtu akishinda haingii ofisini kesho yake, mwaka wa kwanza anakaa kama rais mteule, anahudhuria vikao na kujifunza, alafu anaongoza miaka 2, alafu anabaki mwaka mmoja zaidi kama rais aliyepita ili mwenzake asiachiwe mafaili asiyoyaelewa. Na muda wote huo mara nyingi bado ana vipindi vyake vya kufundisha na wanafunzi wa kusimamia, kwahiyo shughuli za kila siku zinashikwa na mkurugenzi mtendaji ambaye ni mwajiriwa, hapigiwi kura na wanachama. Bodi ndo inaamua sera na kupitisha bajeti, rais ni kura moja humo ndani, japo yeye ndo anaendesha kikao na anayeendesha kikao si unajua anavyoweza kukielekeza.

Kitu ambacho rais anacho peke yake ni hotuba. Usiidharau. William Bascom, mtafiti aliyefanya kazi kwa Wayoruba huko Nigeria, alipokuwa rais wa chama hicho alitoa hotuba mwaka 1953 kuhusu kazi nne za masimulizi kwenye jamii, yaani kuburudisha, kuhalalisha mila na taasisi za watu, kuelimisha, na kuwabana watu wasitoke nje ya mstari. Ikachapishwa 1954 kwenye jarida la chama. Wanafunzi wanaokariri "dhima za fasihi simulizi" usiku wa kuamkia mtihani, wengi hawajui kwamba sehemu ya orodha yao inafanana sana na hotuba ya rais wa chama iliyosomwa ukumbini.

Lakini hotuba inachapishwa wapi? Kwenye jarida, na hapo ndo tunafika kwa mhariri.

Angalia chama hichohicho. Kilianzishwa 1888, rais wa kwanza Francis James Child, profesa wa Harvard aliyebobea kwenye nyimbo simulizi za kale, jina zito kabisa. Ila aliyekuwa akikimbizana na barua, michango na makala ni William Wells Newell, katibu na mhariri. Franz Boas, mwanaanthropolojia maarufu, naye alikuwa rais mwaka 1900, hilo watu hulitaja haraka tu wakapita, kumbe jarida alilihariri kuanzia 1908 mpaka 1924, miaka zaidi ya 15 ya kuamua kipi kiingie kipi kirudishwe. Akaja kulishika mwanafunzi wake, Ruth Benedict. Ni chini ya Benedict, mwaka 1931, jarida likatoa utafiti wa Zora Neale Hurston, mwandishi na mtafiti mweusi wa Marekani, kuhusu uganga wa Waamerika weusi wa kusini, kurasa karibu 100 kwenye toleo moja! Hurston hakuwahi kuwa rais wa chama wala nini, alihitaji mtu wa kumpa nafasi ya kurasa, na mtu huyo ni mhariri. Na wahariri wa majarida haya mara nyingi wanateuliwa na bodi, hawapiti kwenye kura yako.

Kingine kinachopita kimya ni kamati ya uteuzi, wale wanaopanga majina ya wagombea. Ukipokea karatasi yenye majina mawili tu ujue uchaguzi mwingine ulishafanyika kabla yako, kwenye kikao cha watu wachache. Labda inasaidia kueleza kwa nini chama cha London, Folklore Society, kilichoanzishwa 1878, kilikaa mpaka 1909 ndo kikapata rais mwanamke, Charlotte Burne, wakati wanawake walikuwa wanakusanya ngano na mila kwa ajili ya chama miaka yote hiyo (Burne mwenyewe akiwemo). Marekani walitangulia kidogo, Alice Fletcher 1905.

Chama cha kimataifa cha watafiti wa masimulizi, ISFNR, kimejaribu dawa nyingine, kina makamu wa rais wa kuwakilisha mabara, Afrika ikiwemo, na mwaka 2000 walikutana Nairobi. Ni hatua nzuri ila kwa maoni yangu kiti cha bara bila bajeti ya kumleta mtafiti kijana kongamanoni kinabaki jina kwenye barua tu.

Sasa we mwanachama ukiletewa kura utakuta picha, wasifu na maelezo mafupi ya mgombea, na maelezo hayo yanafanana vibaya sana, wote wanataka kukuza chama na kuwainua vijana. Ruka hayo. Tafuta kama amewahi kuhariri kitu na alichapisha kazi za akina nani, kama amewahi kukaa kamati ya fedha, na anasemaje kuhusu wazee wanaorekodiwa hadithi zao alafu majina yao hayaonekani popote kwenye makala. Na kwenye mkutano mkuu usiondoke ripoti ya mhazini ikianza, najua inawekwa mwisho na watu wameshabeba mabegi, ila ndo pale utajua ada yako imeenda kwenye jarida au kwenye ukumbi wa hoteli.