Mwenye faili kaunti hana "kiwango salama" cha mchango

Mteja ameniletea tena maombi ya kibali cha kujenga ghorofa Nyali, na ndani ya faili, baina ya nakala ya hati miliki na michoro ya msanifu, nimekuta risiti ya mchango aliompa mgombea wakati wa kampeni imebanwa kwa stepla kana kwamba ni risiti ya ada ya kaunti. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu kwamba alichanga chini ya kikomo cha sheria, kwa hivyo hana la kuogopa. Kikomo kipi? Imani hii kwamba ipo hesabu ambayo mwombaji akiishia chini yake huwa msafi nimeisikia mara nyingi mno, na haina mguu wa kusimamia.

Sheria yetu ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013, ambayo hata hivyo utekelezaji wake ulisimamishwa kwa uchaguzi wa 2017, inasema kwamba mchango wa chanzo kimoja usizidi asilimia 20 ya michango yote aliyopokea mgombea. Kipimo hicho kinamtazama mgombea, asije akawekwa mfukoni na mfadhili mmoja. Hakimuulizi mchangaji kama ana maombi ya kubadilisha matumizi ya kiwanja yanayosubiri uamuzi.

Wanaojiona wamesoma zaidi hunitajia California na dola 500 zake. Hesabu hiyo ipo, ila si bei ya usalama. Sheria ya huko ilitungwa 1982, ikawaacha nje madiwani na wengine waliochaguliwa moja kwa moja na wananchi hadi 2023, na kikomo chake kilikuwa dola 250 kabla ya kupandishwa hadi 500 mwaka 2025. Inamkataza mwenye kauli juu ya kibali kupokea zaidi ya kiasi hicho kutoka kwa mwombaji wakati maombi yakisubiri uamuzi na kwa miezi 12 baada yake. Na ikiwa alipokea zaidi katika miezi 12 iliyotangulia, sharti atangaze na ajiondoe, au arudishe pesa ndani ya siku 30 tangu ajue habari za mchango na za maombi. Vibali ambavyo afisa hana hiari navyo, ila kuthibitisha kwamba masharti yametimia, havimo. Wakala kama mimi, ninayembebea mwombaji faili, huko ningekatazwa kuchanga hata senti moja. Kwa hivyo kinachopimwa hapo si ukubwa wa pesa peke yake, bali ni mkono gani umepokea, faili la nani liko mezani, na lini.

Sasa hamishia kipimo hicho Mombasa uone kinavyopwaya. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayeamua maombi ni waziri wa kaunti, ambaye hakusimama jukwaani kuomba kura. Ameteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Mkono uliopokea mchango si mkono unaotia sahihi, ingawa mmoja ndio uliomkalisha mwenziwe kwenye kiti, na mwakilishi wa wadi unayemsifu kwamba "atasukuma" hana sahihi yoyote humo. Isitoshe, uchaguzi wetu huja kila baada ya miaka mitano, na mwenye subira huchanga leo akaleta michoro mwaka wa tatu, muda ambao miezi 12 haiwezi kuufikia. Ndiyo maana nina shaka kama kuiga sheria ile kungetusaidia, japo wenzangu katika taaluma huitaja kana kwamba ni dawa.

Kinachobaki ni Sheria ya Hongo ya 2016, nayo haina kiwango cha chini: ukimpa mtu manufaa kwa nia ya kumfanya atekeleze kazi yake isivyostahili, umekosa, hata ukiyaita mchango na hata yakitangazwa kwa kipaza sauti. Ugumu, nao ni mkubwa, uko katika kuithibitisha nia hiyo, maana hakuna aiandikaye. Isipokuwa, bila shaka, yule anayeibana kwa stepla juu ya maombi yake.

Anayeogopa kucheleweshwa ana njia zake. Usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria ya 2019 inahesabu kwamba ruhusa imetolewa. Na ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango. Huko huulizwi ulimchangia nani. Huulizwa michoro, hati miliki na risiti za kaunti.