Je, wajua kwa nini modeli haitakiwi kulijua dirisha lake?

Kwa muda mrefu niliamini MVC (Model-View-Controller, mtindo wa kugawa programu katika data na kanuni zake, kinachoonekana, na kinachopokea amri za mtumiaji) ni hesabu ya mafaili tu: gawa programu ya Java katika klasi tatu, ziite Modeli, Mwonekano na Kidhibiti, kazi imekwisha. Programu yangu ya kuhesabu abiria wa daladala ilikuwa nazo zote. Ila ndani ya Modeli nilikuwa nimeficha JLabel, kijenzi cha kuonyesha maandishi dirishani, namba ikibadilika niiandike hapo hapo. Majina matatu, kitu kimoja. Siku nilipotaka kuongeza JProgressBar (mstari unaojaa) ya kuonyesha viti vilivyojaa, nililazimika kuifumua Modeli, ingawa namna ya kuhesabu abiria haikuwa imebadilika hata kidogo.

Ulionipoteza ni ule mfano wa mgahawa: mhudumu ni kidhibiti, mpishi ni modeli, sahani ni mwonekano. Mtamu, lakini humo mhudumu ndiye anayeleta chakula mezani. Katika wazo la awali la Mnorwe Trygve Reenskaug, aliloliandika mwaka 1979 akiwa Xerox PARC, maabara ya utafiti huko Marekani, Java haijazaliwa, mwonekano unaifuatilia modeli wenyewe.

Afadhali mtangazaji wa mpira redioni. Hajui nani anamsikiliza: kinyozi, dereva au mlinzi getini. Akiongezeka msikilizaji, studio haiguswi. Mwenye redio ndiye anayetafuta masafa. Modeli nayo inatunza orodha ya wasikilizaji, hata ya Runnable (kipande cha kodi kinachosubiri kuitwa) inatosha. Ikiitwa ongeza(), inapandisha namba, kisha inawagutusha waliomo kwenye orodha mmoja mmoja. Tofauti ni kwamba mtangazaji anataja bao, ilhali Runnable inasema tu kuna kilichobadilika. Msikilizaji anarudi mwenyewe kuuliza abiria ni wangapi.

Kipimo changu siku hizi: faili la modeli likianza na import javax.swing, yaani likivuta Swing, maktaba ya Java ya madirisha na vitufe, nashtuka. Kipimo kina tobo, kwani DefaultListModel, modeli ya orodha, yenyewe inakaa humo na ni modeli halali.

Kidhibiti je? Kwenye programu ndogo ni msikilizaji wa kitufe anayeita ongeza(), basi. Swing yenyewe iliunganisha mwonekano na kidhibiti cha kila kijenzi, maana vilishikana mno kutenganishwa. Modeli haikuguswa: hata JButton moja ina ButtonModel tumboni, inayokumbuka kama kitufe kimebonyezwa.