Asilimia 100 si alama 100

Dhana: Filamu ikiwa na asilimia 95, wahakiki wameipa alama 95.

Sivyo, na hili linaniuma kuliko mengine yote. Jirani yangu aliifuta filamu kwenye simu kabla hajaitazama, eti ina 64 tu. Rotten Tomatoes, tovuti ya kukusanya maoni ya wahakiki iliyoanza 1998, haitafuti wastani wa alama katika ile asilimia yake inayosambazwa kila mahali. Inahesabu ni wahakiki wangapi wameikubali filamu na wangapi wameikataa, basi. Chukua wahakiki kumi, wote waseme filamu inatazamika, waipe sita kwa kumi: hiyo inatoka na asilimia 100. Sasa chukua nyingine ambayo saba wameilia machozi na kuiita kazi kubwa, watatu wakaichukia: hiyo inabaki na 70. Filamu ya kawaida imeipita iliyowatikisa watu! Nyanya nyekundu, alama ya tovuti hiyo kwa filamu iliyokubalika, huanzia 60. Ukipata 59 unapewa ya kijani iliyopasuka, na pengine kilichokuangusha ni maoni ya mtu mmoja. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, wao hutafuta wastani, tena baadhi ya wahakiki wakipewa uzito kuliko wenzao, ndiyo maana filamu ileile huwa na namba mbili zinazopishana mno.

Dhana: Wahakiki wakibishana, mmoja wao hajui kazi.

Wahakiki Gene Siskel na Roger Ebert waliandikia magazeti mawili yaliyoshindana ya Chicago, na kuanzia 1975 walikaa pamoja kwenye televisheni wakipitia filamu mpya moja baada ya nyingine. Watu wanakumbuka vidole gumba vyao, juu kwa filamu nzuri, chini kwa mbaya. Mimi naona faida ilikuwa kwenye ubishi wenyewe, kwa sababu ulitoa sababu. Mmoja akilalamika kwamba filamu inajikokota, nawe unapenda hadithi isiyo na haraka, umeshajua hiyo ni yako.

Ebert pia alieleza kwamba nyota zake zilipimwa kulingana na aina ya filamu. Filamu ya mapigano yenye nyota tatu imelinganishwa na za mapigano wenzake, haikushindanishwa na hadithi ya msiba wa familia. Wengi wanaopanga orodha za filamu kwa nyota wanalisahau hili.

Dhana: Wahakiki wakionyeshwa filamu mapema, wamenunuliwa.

Kuonyeshwa mapema ni utaratibu wa kawaida, ili uhakiki uwe tayari siku filamu inapotoka. Wanachokubali ni kutochapisha kabla ya tarehe fulani. Kuponda wanaruhusiwa.

Dhana: Mhakiki akishaponda, harudi nyuma.

Mwaka 1967 Joe Morgenstern wa jarida la Newsweek aliiponda vibaya *Bonnie and Clyde*. Kisha akarudi kuitazama tena, safari hii akiwa na mkewe katikati ya watazamaji wa kawaida, akaona ukumbi ulivyochangamka. Toleo lililofuata aliandika waziwazi kwamba alikosea, akaihakiki upya. Bosley Crowther wa New York Times naye aliipinga, ila hakulegea. Mhakiki Pauline Kael akaitetea kwa makala ndefu kwenye jarida la New Yorker. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar, ikatwaa mbili.

Natamani wahakiki wetu wangethubutu alivyothubutu Morgenstern.