Babu yenu hakuwa nevi (na hilo si tusi)

Jamani naomba niandike hii mara moja, nikiulizwa tena natuma tu. Kazi yangu ni kusaidia familia kutafuta rekodi za wazee wao waliokwenda vita vya Hitila, yaani Vita vya Pili vya Dunia, na karibu kila anayekuja na habari ya mzee aliyefia baharini anaanza hivi hivi: "Babu alikuwa nevi," yaani mwanajeshi wa majini. Namuuliza umejuaje? "Si alifia melini." Hapo ndo presha yangu inapanda.

Dhana: Alifia melini, kwa hiyo alikuwa nevi

Mimi nikipanda feri ya Likoni siwi kapteni wa feri. Vita vile jeshi la Afrika Mashariki lilisafirishwa kwa meli, waliokwenda Madagaska 1942 walipanda meli, waliokwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) na baadaye Burma (Myanmar ya leo) walipanda meli, na hao ni askari wa nchi kavu, keya (askari wa KAR, King's African Rifles), wapiga mizinga, madereva, wapishi, watu wa hospitali. Melini walikuwa abiria tu, wengine hata bahari hawakuwahi kuiona mpaka walipofika Mombasa.

Nikiuliza zaidi, familia inasema "kama arobaini na nne hivi, alikuwa anapelekwa Burma, meli ikapigwa na Mjapani." Basi, hapo hata kabla hujamaliza kunywa chai mimi karibu nimeshajua meli gani. Khedive Ismail. Ilikuwa meli ya abiria, imejengwa 1922, vita vilipoanza ikatiwa kazi ya kubeba wanajeshi. Mwanzo wa Februari 1944 ilitoka Mombasa kuelekea Colombo kwenye msafara ulioitwa KR 8, meli tano zimebeba watu, zinasindikizwa na manuari kubwa Hawkins na mbili ndogo za kasi, Petard na Paladin. Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana kama saa nane u nusu, kusini kule karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaitia topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Dakika mbili, na watu wengi walikuwa ndani chini, hata ngazi hawakuifikia. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakafa 1,297.

Sasa sikilizeni hapa. Kundi kubwa kuliko yote melini mle lilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, karibu watu elfu moja. Mizinga! Jeshi la nchi kavu. Nevi walikuwemo pia, kama 270 hivi, lakini hata wao wengi walikuwa abiria wanapelekwa vituoni kwao, pamoja na manesi na wanawake wengine wa jeshi. Kwa hiyo ukinambia babu alitoka bara, alisajiliwa 1942 au 43, akafa 1944 njiani kwenda kwa Mjapani, mimi nitaangalia mizinga kwanza, nevi baadaye kabisa.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu ya kinachofuata. Familia inaandika Uingereza kwenye rekodi za nevi, inasubiri miezi, inajibiwa hayupo. Halafu kwenye mazishi na harusi inaanza kusemwa kwamba Wazungu walimfuta mzee wetu. Kumbe hakufutwa, mmemtafuta nyumba ya jirani. Askari wa Afrika Mashariki wa Khedive Ismail wasio na kaburi, yaani karibu wote, majina yao yako Nairobi kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita upande wa Ngong Road. Jina limeandikwa, na kikosi chake. Nimewahi kuongea na mjukuu ambaye anapita barabara ile akienda kazini na akirudi, miaka, na alikuwa anaomba msaada wa kupata jina Uingereza.

Ushauri wangu, na nitausema mpaka mchoke: USIANZE NA JINA, ANZA NA TAREHE. Makarani wa jeshi waliandika majina kama walivyoyasikia, Mzungu anamsikia Mkamba, au Mganda anamuandika Mnyakyusa, unadhani itatoka nini? Herufi zinaruka, jina la baba linakuwa la kwanza, jina la kijiji linakuwa ukoo. Ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile CWGC, ni bure, weka tarehe ya kufa 12 Februari 1944, chagua jeshi la nchi kavu na uache nevi, halafu kaa na mzee mmoja wa familia umsomee majina KWA SAUTI. Usiyatafute kwa macho, tafuta kwa sikio. Kabla ya hapo uliza nyumbani jina la baba yake, jina la mama, na wilaya ya zamani ya kikoloni, sio kaunti ya leo, maana wakati mwingine rekodi inataja wazazi na wanakotoka na hapo ndo unamkamata.

Na wale wanaosema meli ilizama "hapo nje tu ya Kilindini", bandari ya Mombasa, hapana. Ilikuwa imeshasafiri siku kadhaa, iko mbali kabisa upande wa pili wa bahari. Habari za meli kuzamishwa hazikutangazwa hovyo wakati wa vita, familia iliambiwa tu kapotea baharini, kila nyumba ikajijazia iliyobaki.

Lakini kuna moja watu wananiuliza kwa kunong'ona wakidhani ni uzushi: eti ni kweli manuari za Waingereza zilitupa mabomu pale pale walipokuwa wanaogelea waliookoka? Ndiyo, kweli. Nyambizi ilijificha chini yao, na manuari zikaamua kuipiga na watu wako majini. Ikaibuka, ikapigwa, Petard ikaimaliza kwa topido. Kwa hiyo bibi aliyewaambia hivyo hakuwa anatunga.

Dhana: Mwafrika hakuwekwa nevi kabisa

Anayesema hivi naye ni mwenzake yule wa kwanza, ila amegeuka upande wa pili. Walikuwepo. Kenya ilikuwa na kikosi cha nevi cha akiba tangu 1933, KRNVR, na vita vilipokuja kikafanya kazi ya kulinda bandari na kusafisha mabomu ya baharini. 1942 Kilindini yenyewe ikawa makao ya meli za kivita za Uingereza za mashariki baada ya Mjapani kuishambulia Ceylon mwezi wa Aprili. Kazi ilikuwa nyingi na vijana wa pwani walikuwemo.

Ila tafadhali, mtu asiniletee tena "babu alikuwa Kenya Navy wakati wa Hitila". Kenya Navy imeanza Desemba 1964! Kabla yake kulikuwa na jeshi la majini la Afrika Mashariki lililovunjwa 1962, na hilo nalo ni la baada ya vita.

Halafu kuna fayamani, na hawa mnawasahau kabisa. Mzee aliyekuwa anatia makaa kwenye meli za kampuni si nevi wala si keya, ni baharia wa meli ya biashara, na alikufa kwa topido ileile. Rekodi zake ziko mlango mwingine. Kama aliajiriwa kwa mkataba wa mabaharia wa Kihindi, tazama pia orodha za kumbukumbu ya waliokufa vitani zilizoko Mumbai (India) na Chittagong (Bangladesh), usishangae kumkuta Mswahili wenu kule.

Dhana: Rekodi zote zilichomwa

Zilizoungua London kwa mabomu ya Mjerumani 1940 ni za askari wa nchi kavu wa vita vya KWANZA. Za nevi hazikuwemo. Na mafaili waliyochoma wakoloni walipokuwa wanaondoka yalikuwa ya utawala na siri zao, ambalo ni jambo la kukasirisha kweli, lakini sio kitabu cha utumishi cha babu yako.

Waliofutwa kweli ni wa vita vya kwanza, makariakoo (Carrier Corps), yaani wabeba mizigo wa jeshi. Tume yenyewe ilikiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo ukiniambia babu wa babu alikuwa mbeba mizigo 1916 na humpati, hapo sibishani na wewe hata kidogo.

Dhana: Medali haina jina, basi ni feki

Medali za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina. Za vita vya kwanza ndo zina jina pembeni kwenye ukingo. Kuna nchi zilizoandika majina kwa watu wao, kama India na Afrika Kusini, ndo maana mtu anaona ya jirani ina jina anadhani yake ya uongo. Na nakuomba uache kuisugua kwa majivu.

Dhana: Kofia haina jina la meli, kwa hiyo hakuwa nevi

Mko na picha ya mzee kavaa ile kofia ya duara, utepe umeandikwa H.M.S. peke yake, na mjomba mmoja anasema ni ya kukodi studio. Wakati wa vita jina la meli liliondolewa kwenye utepe makusudi ili adui asijue nani yuko bandari gani. Picha hiyo ni nzuri sana, ilete. Ukija na picha ya kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja, huyo ni wa jeshi la nchi kavu na tunarudi mizinga kule juu.

Dhana: Kuna hela ya fidia ya nevi, inabidi ulipe fomu kwanza

Hapana. Kutafuta jina kwenye orodha ya Tume ni bure. Anayekudai pesa ya "kufungua faili la babu London" na hajui hata tarehe aliyokufa, mpe tarehe ya uongo uone kama hatakwambia faili limepatikana.